Kufundisha Mabadiliko ya Lishe ya Viumbe: Mfano wa Nyuki wa Manyoya

Katika mazoezi ya kufundisha, mada ya lishe ya wadudu aghalabu huelezwa kwa orodha. Mwanachuo huandika ubaoni kwamba nzige hula majani, mbu jike hufyonza damu, nyuki hutumia mbochi na chavua. Wanafunzi hunakili, na kengele hulia. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba humzoeza mwanafunzi kuamini kuwa chakula cha kiumbe ni jambo lililokwisha kuamuliwa, ilhali hutegemea pia kile kinachopatikana mahali anapoishi, nacho hubadilika. Ili kuivunja dhana hiyo katika madarasa ya sekondari, twapendekeza mfano wa nyuki wa manyoya, yaani wale wa jenasi ya Bombus.

Mfano huu ni wa ugenini, na mwalimu hana budi kulisema hilo mapema. Nyuki hawa wanene, wenye manyoya mengi mwilini, huishi hasa katika nchi za baridi za Ulaya, Asia na Amerika. Kusini ya Sahara hawana asili. Yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za mapaa yetu, ambaye bila shaka wanafunzi watamtaja, ni wa jenasi nyingine. Tumewachagua wageni hawa kwa sababu moja tu: wamekusanywa na kuhifadhiwa katika makumbusho kwa zaidi ya miaka mia, na kwa hiyo mabadiliko ya lishe yao yaweza kupimwa.

Maelezo ya awali yawe mafupi. Mbochi humpa nyuki sukari ya kumwezesha kuruka. Chavua huwapa majana protini ya kukulia. Spishi hutofautiana kwa urefu wa ulimi. Wenye ulimi mrefu huyafikia maua yenye mrija mrefu kama ya klova nyekundu. Wenye ulimi mfupi hupendelea maua yaliyo wazi, na baadhi yao hutoboa tundu kwenye shina la ua wakaiba mbochi bila kugusa chavua. (Wanafunzi hulipenda sana jambo hili la wizi. Mwalimu asiliache likamaliza kipindi.)

Hapo mwalimu aeleze yaliyotokea Uingereza. Wakulima wa huko walikuwa na mbuga za majani ya kukaushia mifugo, zilizojaa maua, tena walipanda klova ili kurutubisha udongo. Mbolea za viwandani na kilimo kipya vilipoenea, mbuga hizo zililimwa. Kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1984, Uingereza na Wales zilipoteza kiasi cha asilimia 97 ya mbuga za namna hiyo. Spishi iitwayo Bombus subterraneus ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1988, na mwaka 2000 ikatangazwa kuwa imetoweka nchini humo. Lakini nyuki wengine wa jenasi hiyo hiyo bado wamo hata katika bustani za mijini. Kwa nini hawa walipona na wale wakatoweka?

Mwalimu asikimbilie jibu. Aulize swali lingine: twawezaje kujua nyuki aliyekufa mwaka 1940 alikuwa akikusanya chavua ya mimea gani? Dakika tano za kimya na ubishi juu ya swali hili zina thamani kuliko ukurasa mzima wa imla. Jibu ni kwamba chavua imo bado miguuni mwake. David Kleijn na Ivo Raemakers, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walichunguza kwa hadubini chavua iliyokuwa kwenye miguu ya nyuki wa makumbusho, waliokusanywa kabla ya kupungua. Waligundua kuwa spishi zilizokuja kupungua zilikuwa zikitumia aina chache zaidi za mimea, na mimea yenyewe ndiyo iliyokuja kuadimika.

Mfano wa pili unatoka milima ya Colorado, Marekani. Mwaka 2015 Nicole Miller-Struttmann na wenzake walieleza habari za spishi mbili za nyanda za juu, zenye ulimi mrefu. Walipolinganisha nyuki waliokusanywa kati ya 1966 na 1980 na wale wa 2012 hadi 2014, waliona kuwa ulimi umepungua kwa karibu robo ya urefu wake. Joto la kiangazi lilikuwa limepunguza maua, na nyuki wakapanua uchaguzi wao, wakitembelea aina nyingi zaidi, yakiwemo maua mafupi.

Hapa ndipo palipo na mtego mkubwa wa somo zima. Wanafunzi wengi watasema ulimi ulifupika kwa kuwa haukutumika, au kwa kuwa nyuki walitaka uwe mfupi. Hapana nyuki aliyefupisha ulimi wake. Katika kila kizazi walikuwamo wa ulimi mrefu kidogo na mfupi kidogo; maua marefu yalipoadimika, makundi ya wenye ulimi mfupi yalipata chakula vizuri zaidi na kuacha malkia wengi zaidi. Kilichobadilika ni wastani wa jamii.

Mchezo ufuatao husaidia, na zana zake hazigharimu kitu. Vikatwe vikonyo vyembamba vya majani ya mpapai, vioshwe utomvu, vingine viwe vya sentimita 30, vingine 10. Chupa za soda zenye maji kidogo ndizo maua marefu, na visahani ndivyo maua mafupi. Mwanafunzi huchovya kikonyo, huziba ncha ya juu kwa kidole, na kuhamishia maji kwenye kikombe chake kwa dakika mbili. Duru ya kwanza ziwepo chupa nane na visahani viwili. Ya pili kinyume chake. Kila baada ya duru, nusu ya darasa iliyopata maji machache iketi, na nafasi zao zichukuliwe na wenzao wenye vikonyo kama vya washindi. Idadi ya vikonyo virefu iandikwe ubaoni kila mara. Hakuna kikonyo kilichokatwa, na bado wastani umeshuka.

Kwa kazi ya nje, nyuki wetu wa asali wanatosha. Wanafunzi wakae hatua chache kutoka kwenye alizeti, mahindi au maboga ya shamba la shule, waandike rangi ya vidonge vya chavua miguuni mwa nyuki na ua waliloliendea, mara moja kwa juma, kabla ya mvua na baada yake. Wasiukaribie mzinga. Daftari liachiwe darasa linalofuata, lenye tarehe na majina ya mimea kama yanavyotamkwa kijijini, kwani mwaka mmoja hauonyeshi zaidi ya majira.