Mgeni wa Baisikeli

Mtu asafiriye kwa baisikeli hana budi kuwategemea watu asiowajua. Hawezi kuchukua vingi, na usiku humkuta popote.

Mwaka 2003 nilitoka Mwanza kwa baisikeli kwenda Magu, mwendo wa kilometa 60 hivi. Nilipita Kisesa salama, Ghuba ya Speke ikiwa upande wa kushoto. Kisha nikaiacha barabara kuu, nikashika njia ya mkato. (Njia za mkato zimenichelewesha mara nyingi kuliko njia ndefu.) Mwiba ukatoboa mpira. Nikatafuta gundi mfukoni, nikaikuta imekauka, na jua lilikuwa karibu kuchwa.

Nikaikokota baisikeli hata nikaona nyumba iliyozungukwa na ua wa minyaa. Nikabisha hodi, nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila." Akatoka bibi kizee mwenye macho mekundu sana. Hakuniuliza jina langu wala niendako. Akanipa kigoda na maji ya kunawa, akaingia jikoni.

Majirani wakaja kunitazama. Mmoja akaninong'oneza, "Mgeni, usile humu. Huyaoni macho yake?"

Wanafunzi, yafahamuni macho hayo. Mahali pengi Usukumani miti ya kuni ni haba, na wanawake hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake huyachoma macho kwa miaka mingi, hata yakawa mekundu. Lakini kwa ajili ya wekundu huo vikongwe wengi wameitwa wachawi, na wengine wameuawa.

Bibi akaleta bakuli la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, pamoja na maziwa ya mgando. Akaliweka mbele yangu, akasimama. Watu wote wakanyamaza.

Nakiri kwamba moyo wangu ulisita, ingawa nilikuwa mtu aliyesoma. Nilikaribia kusema, "Ahsante, nimeshiba." Ndipo nikatambua kwamba mimi nitaondoka asubuhi, lakini neno hilo litabaki pale kijijini pamoja na bibi huyu. Nikanawa, nikala. Bakuli lilipokwisha nikaomba tena.

"Kula, mjukuu wangu," akasema. "Siku nyingi sijapikia mgeni."

Yule jirani akatazama chini. Baada ya kitambo mwanawe mdogo, ambaye hakujua aibu ya wakubwa, akaja akaketi kando yangu, akatia mkono bakulini. Baba yake akafumbua kinywa kumkataza, kisha akakifumba.

Asubuhi nilimpa bibi fedha. Akazikataa kwa hasira kidogo, akafunga michembe katika kitambaa ili nile njiani. Nilipotoka nje nikaikuta baisikeli yangu imepinduliwa juu chini penye kivuli cha minyaa. Yule jirani alikuwa amechuchumaa hapo, ndani ya ua wa bibi, akibandika kiraka kwa gundi yake mwenyewe.