Mkebe wa Maziwa: Alumini au Chuma Kisichoshika Kutu?

Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, hujulikana kote Kenya kwa mambo mawili: chuo cha polisi na kiwanda cha maziwa. Kiwanda hicho ni kimoja katika viwanda vya New KCC, kampuni iliyorithi kazi ya KCC ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1925. Maziwa ya mkulima mdogo hayafiki kiwandani kwa hatua moja. Hutoka kwenye ndoo ya kukamulia, yakaingia katika mkebe, yakabebwa kwa mgongo, kwa punda, kwa baiskeli au kwa pikipiki hadi kituo cha kupokelea, kisha yakapakiwa garini. Katika safari hiyo yote chombo ndicho mlinzi wa maziwa. Kwa hiyo yafaa kila mfugaji afahamu chombo chake kimefanywa kwa madini gani, na madini hayo yanataka nini.

Wazee wa nchi hii walitunza maziwa katika vibuyu, nao walijua sana kazi yao. Lakini maziwa yale yalikuwa ya nyumbani. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipowafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, maziwa yakawa mali ya kuuzwa, na mali ya kuuzwa hupimwa na mnunuzi. Ndipo mkebe wa madini ulipokuwa chombo cha lazima.

HASARA YA CHOMBO KIBAYA

Mpokeaji wa maziwa kituoni huyanusa, huyatazama, huyapima kwa laktomita ili ajue kama yametiwa maji, na huchanganya kiasi kidogo na spiriti aone kama yataganda. Yakiganda, hurudishwa. Mkulima aliyeamka saa 10 alfajiri hurudi nyumbani na kazi ya siku nzima isiyo na malipo.

Mara nyingi kosa si la ng'ombe, bali la chombo. Vijidudu vinavyochachusha maziwa hujificha katika mikwaruzo, katika maungo na katika utando wa maziwa ya jana. Kijidudu kimoja kikipata joto la kukifaa chaweza kuwa viwili kwa muda wa nusu saa hivi. Msomaji na apige hesabu: nusu saa viwili, saa moja vinne, saa moja na nusu vinane. Baada ya saa 5 kijidudu kimoja kimekuwa zaidi ya 1,000.

Tena hasara hiyo haikai kwa mtu mmoja. Maziwa ya wanachama humiminwa katika tangi moja. Mkebe mmoja mchafu ukipita bila kugunduliwa, waweza kuharibu maziwa ya jirani wote. Ndiyo maana uchaguzi wa mkebe si shauri la mwenye mkebe peke yake.

Jerikeni za plastiki zenye mdomo mwembamba hupendwa kwa sababu ni rahisi kununua na kubeba. Lakini mkono hauingii ndani, na plastiki hukwaruzika upesi. Ndoo za bati lililopakwa zinki nazo hazifai, kwa maana maziwa yakichacha huyeyusha zinki ikaingia katika chakula. Basi hubaki madini mawili ya kuchagua: alumini, na chuma kisichoshika kutu ambacho wenye maduka hukiita stenlesi.

TABIA YA ALUMINI

Alumini si ngeni katika nyumba yoyote ya Nyeri, kwa kuwa sufuria nyingi ni za alumini. Mdenmark Hans Christian Ørsted aliipata mara ya kwanza mwaka 1825, lakini ilikuwa adimu hadi mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, namna ya kuitoa kwa nguvu za umeme.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi. Kipande cha chuma cha ukubwa uleule huwa na uzito wa karibu mara 3 ya alumini. Lakini alumini nayo hupinda karibu mara 3 kuliko chuma. Ili bamba la alumini liwe gumu kama bamba la chuma la unene wa milimita 1, lapaswa kuwa na unene wa karibu milimita 1.4. Hata hivyo uzito wake utakuwa kama nusu tu ya lile la chuma. Hiyo ndiyo faida yake halisi: si theluthi ya uzito, kama wengi wadhanivyo, bali karibu nusu.

Sifa ya pili ni kupitisha joto upesi. Mkebe wa alumini ukitiwa katika maji baridi, na maziwa yakikorogwa kwa mwiko safi, ubaridi huingia bila kuzuiwa na ukuta wa mkebe. Bali sifa hiyo ni upanga wenye makali pande mbili: mkebe huohuo ukiachwa juani kando ya barabara, joto nalo huingia upesi.

Sifa ya tatu ni ngozi yake. Alumini ikikutana na hewa hujifanyia utando mwembamba sana unaoikinga isiliwe. Maziwa mabichi hayaudhuru. Lakini utando huo huharibiwa na uchachu mkali, na zaidi sana na vitu vya jamii ya magadi.

TABIA YA CHUMA KISICHOSHIKA KUTU

Chuma cha kawaida hakifai kwa maziwa, kwani hushika kutu na kuyapa ladha mbaya. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromiamu. Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka 1913. Aina itumikayo sana kwa vyombo vya chakula ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Kromiamu ndiyo inayofanya ngozi ya kinga, na ngozi hiyo huvumilia uchachu na magadi kuliko ile ya alumini. Kwa sababu hiyo viwanda vya maziwa hutumia chuma hiki kwa matangi na mabomba yao.

Chuma hiki ni kigumu, hakikwaruziki kwa urahisi, na hustahimili kugongwa. Kwa kuwa ni kigumu, bamba lake huweza kufanywa jembamba, na kwa hiyo mkebe wake si mzito mara 3 kama hesabu ya madini peke yake ingeonyesha. Lakini nacho kina adui. Dawa ya klorini ikiwa kali mno, au ikiachwa ndani muda mrefu, hukitoboa vitundu vidogo. Kadhalika kikisuguliwa kwa sufi ya chuma cha kawaida, chembe za chuma hicho hubaki juu yake zikashika kutu, na mwenye mkebe akadhani amedanganywa dukani.

SWALI HILIHILI BAHARINI NA ZIWANI

Wafugaji wa Kiganjo hawako peke yao katika swali hili. Wajenzi wa meli na wa mashua za tanga zinazovuka bahari kuu huuliza lilelile: alumini au chuma? Majibu yao yanaweza kumfundisha mtu wa milimani.

Katika Ziwa Tanganyika iko meli iitwayo Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilizamishwa makusudi na Wajerumani mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, kisha ikatumika kwa miaka mingi sana. Mwili wake ni wa chuma, na chuma ni madini yanayokubali kukatwa, kuunganishwa na kupakwa rangi upya na mafundi wa mahali pengi. Kwa upande mwingine, meli za kasi za Azam Marine ziitwazo Kilimanjaro, zinazobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja, zilijengwa kwa alumini huko Tasmania, Australia, kwa kuwa chombo chepesi hukimbia kwa mafuta machache.

Hapana mmoja aliyekosea. Kila mmoja alitazama kwanza kazi, njia na fundi, ndipo akachagua madini. Tena wenye mashua za alumini wanalo onyo moja kubwa: rangi yenye shaba, ambayo hupakwa chini ya mashua ili viumbe vya bahari visishikamane nayo, huitafuna alumini vibaya. Yaani adui wa alumini mara nyingi huletwa na mwenyewe, akidhani anaitunza. Kwa mfugaji, rangi hiyo ya shaba ni majivu na magadi ya kuoshea.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwanza, tazama njia. Lita 50 za maziwa zina uzito wa kilo 51 na nusu, kabla ya kuhesabu mkebe wenyewe. Anayepanda mlima kwa miguu, au anayemtuma mtoto na mkebe mdogo, ataona faida ya alumini kila siku. Anayeishi karibu na kituo, au ambaye maziwa yake huchukuliwa na gari mlangoni, hana haja kubwa ya kuhesabu kilo moja au mbili. Lakini mikebe ikirushwarushwa garini, chuma kitavumilia zaidi.

Pili, tazama matumizi. Mkebe wa maziwa mabichi tu waweza kuwa wa alumini. Anayetengeneza na kuuza maziwa ya mgando, au ambaye mkebe wake hukaa na maziwa yaliyochacha, na achague chuma kisichoshika kutu.

Tatu, tazama fundi. Utando wa alumini huyeyuka kwa joto la zaidi ya digrii 2,000, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwa digrii 660. Fundi asiye na vifaa vyake ataiyeyusha kabla ya kuiunganisha. Chuma chembamba nacho hutobolewa na fundi mwenye haraka. Kwa vyovyote vile, ufa usizibwe kwa risasi wala kwa gundi: risasi ni sumu, na gundi huweka maficho ya vijidudu. Na mkebe wa alumini usifungwe kwa misumari au waya wa chuma, kwa maana madini mawili yakigusana penye unyevu, alumini ndiyo iliwayo.

Nne, tazama umbo. Mdomo uwe mpana, mkono uingie hadi chini. Pembe ziwe za mviringo. Maungo yawe laini au yasiwepo. Kifuniko kishike vizuri. Mkebe wenye umbo baya haukombolewi na madini mazuri. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Wengine huenda dukani na sumaku. Sumaku hunasa bati, nayo kwa kawaida hainasi chuma kile chenye nikeli. Lakini ziko aina nyingine za chuma kisichoshika kutu zinaswazo, kwa hiyo sumaku peke yake si hakimu.

KUOSHA

Mara maziwa yakishamiminwa, suuza mkebe kwa maji ya baridi. Ukianza kwa maji ya moto, maziwa yaliyobaki huganda ukutani. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni iliyokusudiwa vyombo vya maziwa, ukisugua kwa brashi isiyokwaruza. Suuza kwa maji safi, tia maji yanayochemka au dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kisha pindua mkebe kichwa chini juu ya uchaga penye jua na hewa. Usiufunike ukiwa na unyevu.

Mwenye mkebe wa alumini asitumie magadi, wala majivu, wala sabuni kali ya kusafishia mabomba. Mng'ao aupatao kwa majivu ni ngozi ya mkebe iliyochubuliwa, na mkebe uliochubuliwa kila siku huota madoa na vishimo, na vishimo ndivyo nyumba za vijidudu. Kama nyumbani hapana sabuni nyingine isipokuwa hiyo kali, basi chuma kisichoshika kutu ndicho kinachomfaa, hata kikiwa kizito.

Haba na haba hujaza kibaba. Lita chache zilizookolewa kila juma kwa mkebe unaofaa na unaotunzwa zitalipa bei ya mkebe huo, na mwenyewe hatakuwa sababu ya tangi la jirani zake kumwagwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA CHAMANI

1. Kwa nini mkebe wa chuma kisichoshika kutu si mzito mara 3 kuliko ule wa alumini wenye ukubwa uleule?

2. Ni vitu gani vya kuoshea vilivyomo katika nyumba za wanachama, na ni vipi kati yake vinavyoidhuru alumini?

3. Mwanachama anayekaa mbali, penye mlima, na mwingine anayekaa karibu na kituo wanataka kununua mikebe kwa pamoja. Je, wanunue ya aina moja? Toeni sababu.

4. Mkebe wa jirani umepasuka naye amekwisha kuuziba kwa risasi. Chama kimshauri nini, na kimsaidieje?