Usaha Kukauka Si Kupona

Kijitabu cha kaya, Kata ya Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga

Kwa nini nimekiandika

Mara nyingi mama ndiye anayetangulia kuja kupimwa. Ameolewa miaka minne, mitano, mtoto hakuna. Ameshakunywa mizizi, ameshachanjwa chale, ameshasemwa na mama mkwe na mawifi. Tunampima, hatuoni tatizo. Tunamwomba amlete baba. Baba anakuja baada ya miezi kadhaa, kanuna, na tukimuuliza taratibu anasema: "Zamani niliugua kidogo. Nikanunua vidonge dukani, ikaisha."

Haikuisha. Usaha ulikauka tu.

Mbegu ya baba ikoje

Ina kichwa kinachobeba urithi wa baba, sehemu ya kati inayoipa nguvu ya kwenda, na mkia wa kuogelea.

Njia yake

Hapa tulia usome. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani. Zikitoka humo hupita kwenye mrija uliojikunjakunja nyuma ya kila korodani. Mrija huo ukinyooshwa hufika karibu mita 6, nao ni mwembamba kama uzi. Kisonono, ule ugonjwa wa usaha, kisipotibiwa sawasawa huweza kupanda hadi humo na kuacha kovu. Uzi ukiziba mahali pamoja tu, mbegu za upande huo hazipiti tena. Ukiziba pande zote mbili, korodani zitaendelea kutengeneza mbegu nzima, zenye kichwa na mkia, na hakuna hata moja itakayomfikia mama.

Nguvu za kiume ni jambo jingine

Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote chumbani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Zitatoka kwa rangi ile ile na kiasi kile kile, kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji yale. Usijipime kwa macho. Darubini ndiyo inayopima.

Ninaloliogopa kuliko yote

Kijana anaamka, nguo ya ndani ina usaha, mkojo unachoma kama pilipili. Hamwambii mtu. Anakwenda dukani, ananunua vidonge vinne vya rangi mbili, anameza viwili asubuhi na viwili jioni. Siku ya tatu usaha umekata. Anafurahi, anarudi shambani, anarudi kwa mkewe.

Usaha kukauka si kupona. Dawa kidogo huwapunguza vijidudu, haiwamalizi. Waliobaki wanaendelea kula ndani kimya kimya. Tena vijidudu vya kisonono vimeshazoea dawa nyingi za zamani. Kidonge kilichomponya baba yako enzi zake huenda kisikusaidie wewe.

Usinunue dawa ya usaha bila kupimwa. Usimeze vidonge alivyobakiza rafiki. Usidungwe sindano na mtu anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba. Usikamue uume kila asubuhi kuangalia kama usaha upo, unajiumiza. Usijiambie kwamba ni ngiri. Usiache dawa katikati kwa sababu umepata nafuu. Na usimfiche mama.

Nasema usimfiche kwa sababu mama anaweza kuwa na kisonono bila kuumwa popote wala kuona uchafu wowote. Kinapanda kwenye mirija yake nayo inaziba, au inabaki na upenyo mdogo, mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi, mrija ukapasuka, akavuja damu tumboni hadi kufa. Akifika salama kujifungua, kichanga huweza kutoka usaha machoni siku za mwanzo, na asipotibiwa haraka akapofuka. Vidonge vinne vya baba vimefika kwenye macho ya mtoto.

Nendeni wawili. Tibiweni wawili. Malizeni dawa. Msikutane kimwili mpaka zipite siku 7 baada ya wote kumaliza. Siku hiyo hiyo mpimwe VVU na kaswende. Usaha kukauka si kupona.

Korodani ikiuma ghafla

Nenda hospitali usiku huo huo: huenda imejisokota, na muda wa saa 6 ukipita inaweza kufa.

Mtoto wa kiume

Mama, unapomwogesha kichanga papasa korodani zake. Ziwe mbili. Akitimiza miezi 6 na moja haijashuka, mlete. Upasuaji wake unafaa ufanyike kabla hajafikisha mwaka mmoja na nusu.

Kijana aliyebalehe akiugua matubwitubwi kisha korodani zikavimba, naye aletwe.

Shambani na kilabuni

Ili kulinda mbegu, sigara acha. Gongo acha. Unapopulizia dawa mahindi na maharage, vaa nguo ndefu, ziba mdomo na pua, oga ukimaliza, na nguo hizo usizilalie. Mwaka 1977 huko California, Marekani, wanaume wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya mimea waligundulika kuwa mbegu zao zimepungua sana, wengine hawana kabisa.

Kipimo cha shahawa

Mmekutana mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia? Baba apimwe pamoja na mama, siku moja, si baada ya mama kumaliza vipimo vyote. Kama mama ana miaka 35 au zaidi, msisubiri mwaka. Miezi 6 inatosha.

Baba akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Atoe kwenye kikopo alichopewa maabara, zote, bila kumwaga. Asitumie kondomu ya kawaida, mafuta yake huua mbegu. Akitolea nyumbani, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja. Juni na Julai mnaijua baridi yetu ya Ufipa: kikopo kikae ndani ya koti, karibu na mwili, si kwenye kapu la baiskeli.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 katika mililita moja. Ukiwa chini ya hapo, haina maana kwamba hutazaa. Rudia kipimo, maana mbegu unazotoa leo zilianza kutengenezwa yapata miezi miwili na nusu iliyopita, na homa kali ya wakati ule inaweza kuwa ndiyo iliyozipunguza.

Kumwita mke tasa kabla mume hajapimwa

Ni dhuluma.

Ukiona aibu

Aibu ndiyo inayowapeleka dukani, naijua. Hulazimiki kueleza mbele ya foleni. Zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, dirishani sema tu, "Nina shida ya mkojo." Ukishafungiwa mlango na daktari, sema yote: usaha ulianza lini, ulimeza nini, vidonge vingapi, na nani mwingine anatakiwa kutibiwa. Kama pakiti ya vidonge bado ipo, ibebe. Njoo usaha ukiwa bado unatoka. Na kama ulikauka miaka mingi iliyopita, njoo vilevile, na mama uje naye.