KERENG'ENDE NA MAJI YAKE



Wanafunzi wapenzi, kila mvua za vuli zinaponyesha hapa Juani tunawaona kereng'ende wakizunguka juu ya uwanja, na wadogo zetu wakiwakimbiza ili wawafunge uzi mkiani (jambo hilo tuliache). Kisiwa chetu hakina mto. Ni jiwe la matumbawe, mvua ikinyesha hunywewa chini. Je, hawa wamezaliwa wapi?

Tufahamu kwanza kwamba kereng'ende ni mdudu wa majini kabla ya kuwa wa hewani. Mama hutaga mayai majini. Mtoto huishi humo akila viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine, ambavyo huvinasa kwa mdomo wa chini unaochomoka ghafla kama mkono. Siku yake ikitimia hupanda jani, ngozi hupasuka mgongoni, naye huruka. Ganda hubaki pale pale.

Lakini kila aina ina maji yake. Wako wa mtoni tu. Katika milima ya Usambara Mashariki, huko Amani mkoani Tanga, yuko mmoja mwembamba anayeitwa na wataalamu Amanipodagrion gilliesi. Alielezwa na Pinhey mwaka 1962, akapewa jina la Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi huko. Anakaa kivulini, kando ya vijito safi vya msituni, na hajapatikana pengine duniani. Miti ikikatwa jua hupiga maji. Udongo ukiporomoka maji huchafuka. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi mwaka 1997, hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walivuruga vijito vya milima hiyo. Leo amewekwa miongoni mwa wadudu walio hatarini kabisa kutoweka. Kijito chake kikiharibika, hana pa kuhamia.

Wetu wa vuli ni tofauti. Yule wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, hahitaji mto. Dimbwi la mvua humtosha, na mtoto wake hukua kwa wiki 6 hivi. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza kwamba hutoka India, hupita Maldives kuanzia Oktoba, hufika Afrika Mashariki wakati wa vuli, na vizazi vyao hurudi kwa kusi. Tazameni, ni bahari ile ile ya majahazi ya wazee wetu!

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa madimbwini ili kuua mbu. Mafuta hayo humwua na mla mbu. Sisi tunaona ni bora kufukia dimbwi lililo karibu na nyumba, na kulala ndani ya chandarua, kwani kereng'ende peke yake hatoshi kutuondolea malaria.

ZOEZI: Mvua ikinyesha, chagueni dimbwi moja lisilo na kina. Litazameni kila Alhamisi kwa wiki 8, na mwandike wiki mliyoona ganda la kwanza kwenye jani.