Dawa za Kukojosha na Potasiamu ya Misuli

Mama mmoja wa makamo aliacha vidonge vyake vya shinikizo la damu kwa miezi miwili, kwa madai kwamba vilimwishia nguvu za miguu. Akipanda ngazi mapaja hulegea, na usiku misuli humbana. Alikuwa amelalamika mapema. Akapimwa damu, potasiamu ikasomeka milimoli 3.5 kwa lita, akaambiwa hana tatizo. Aliyemwambia hivyo ni mimi. Aliporejea, shinikizo lilikuwa 190/110.

Dawa za kukojosha za jamii ya thiazaidi, kama haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi, huizuia figo kurudisha sodiamu kwenye damu. Sodiamu hutoka na maji. Lakini sodiamu nyingi inapofika mwisho wa mirija ya figo, sehemu yake hurejeshwa mwilini na potasiamu hutolewa badala yake. Magnesiamu nayo hupotea. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa anayekula chumvi nyingi huku akimeza dawa hizi hupoteza potasiamu zaidi.

Kipimo cha damu kinaweza kutuhadaa. Mwili wa mtu mzima una potasiamu ipatayo milimoli 3,500, na takriban asilimia 98 imo ndani ya seli, hasa za misuli. Kuipima katika damu ni kama kukadiria akiba ya ghala kwa kutazama kibaba kilicho mezani. Mwaka 1962, Jonas Bergström wa Sweden alieleza namna ya kuchukua kipande kidogo cha msuli kwa sindano na kupima madini yake. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa za kukojosha kwa muda mrefu walipungukiwa potasiamu na magnesiamu misulini, ingawa damu yao haikuonyesha hivyo. Si wote, na dozi ndogo za siku hizi zina madhara machache zaidi.

Kila seli ina pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Pampu hiyo huhitaji magnesiamu. Ikikosekana, sodiamu hubaki ndani, mgawanyo wa maji ya msuli huvurugika, na vidonge vya potasiamu pekee havifui dafu, kwa kuwa figo huendelea kuimwaga.

Kwa mama yule nilipunguza haidroklorothiazaidi kutoka miligramu 25 hadi 12.5, nikaongeza losatani, ambayo husaidia kuhifadhi potasiamu, na tukazungumza kwa kirefu kuhusu chumvi. Ndizi, maharage na maji ya dafu vinafaa, ila mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia losatani, lisinoprili au spironolaktoni, asiviongeze kwa wingi bila kupimwa, maana potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.

Miguu ikilegea na moyo ukaenda mbio au kurukaruka, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, akiwa na vidonge vyake mkononi.