Kabla ya Kupiga Picha Ikoma
Tukisikia "ngome" wengi wetu tunawaza Ulaya. Mimi nawashauri mpande gari la Mugumu, wilayani Serengeti, mkaiulizie Ngome ya Ikoma, boma la mawe walilojenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Isomeni pamoja na mbuga iliyo jirani. Waikoma waliwinda huko vizazi na vizazi. Mwaka 1951, chini ya Waingereza, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwindaji akaanza kuitwa jangili.

Wa Tarime mtaniambia nyumbu wakivuka Mto Mara ndiyo mambo. Kweli, ila gari la kufika Kogatende, jamani, si la bumu! Anzeni Robanda. Msalimieni mzee yeyote, kisha muulizeni babu yake alikuwa akiwinda wapi.