SOMO: KABLA YA KUTOA FEDHA YA FUNGU LA SHAMBA



Wakulima wa kijiji kimoja upande wa barabara ya Kamuli walikuja katika mkutano wa tawi letu hapa Jinja na ombi. Walisema: tupeni fedha kabla ya kupanda, nasi tutawaletea mboga, maharage na viazi vitamu kila wiki mpaka msimu uishe. Kila atakayetoa fedha atakuwa na fungu lake.

Wanachama wengine walifurahi, kwa sababu bei za sokoni zimewachosha. Wengine walinuna. Zamani tulimpa mtu fedha za mahindi bila karatasi yoyote, na mahindi hayo hatukuyaona mpaka leo. Mkutano ukatuagiza sisi wa halmashauri tuchunguze jambo hili kwanza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

FUNGU NI NINI?

Njia hii si mpya duniani. Huko Japani, tangu miaka ya 1970, walaji wa mijini, wengi wao akina mama walioogopa dawa za sumu katika chakula, walipatana na wakulima moja kwa moja. Mapatano hayo huitwa teikei, maana yake ushirikiano. Marekani ilianza mwaka 1986 katika mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Ufaransa ilifuata mwaka 2001.

Msingi wake ni huu. Wakulima huandika gharama zote za msimu: mbegu, mbolea, majembe, usafiri na ujira. Jumla hugawanywa kwa idadi ya walaji. Kila mlaji hulipa sehemu yake mapema, na mavuno yakija hugawanywa vivyo hivyo. Hivyo mkulima halazimiki kumwendea mlanguzi ambaye humnunulia mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa.

NANI HUBEBA HASARA?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mama mmoja wa kiwandani alimwuliza kiongozi wa wakulima, "Mzee wetu, mvua isiponyesha tutarudishiwa fedha zetu?"

Mzee akajibu, "Hapana, mwanangu. Fedha zitakuwa zimekwisha kuingia ardhini. Kikipatikana kidogo, tutagawana kidogo."

Watu walinung'unika. Lakini sisi tulimwamini mzee kwa sababu ya jibu hilo. Anayeahidi kikapu kile kile kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, huyo ndiye wa kuogopwa.

Basi tuelewe vizuri. Sokoni unalipa na kubeba. Katika fungu unaingia msimu pamoja na mkulima, kwa neema na kwa hasara. Wakulima wamebeba hasara hiyo peke yao miaka yote, na ni haki tuwasaidie. Lakini mwenye mshahara mdogo asibebe mzigo utakaomvunja mgongo. Kwa hiyo kila mmoja apige hesabu yake nyumbani.

HESABU YA NYUMBANI

Tuchukue mfano. Gharama za msimu ni shilingi 2,400,000 na walaji ni 20. Kila fungu litakuwa shilingi 120,000. Ikiwa mavuno yatagawanywa kwa wiki 12, ni sawa na shilingi 10,000 kwa wiki.

Sasa chukua daftari. Kwa wiki nne andika kila siku fedha unayotumia kununua mboga, maharage na viazi. Usikisie, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiona unatumia shilingi 7,000 kwa wiki, fungu zima ni kubwa kwako. Jirani nawe mnaweza kuchukua fungu moja na kulipa shilingi 60,000 kila mmoja.

Kuna mtego mwingine ambao hata sisi hatukuuona mapema. Fedha hutoka kabla ya kupanda, lakini maharage huchukua karibu miezi mitatu kukauka, na mboga za majani nazo hutaka majuma kadhaa. Katika muda huo unalipia fungu na bado unanunua sokoni. Ukingoja wiki 8 kwa matumizi ya shilingi 7,000, ni shilingi 56,000 juu ya fedha ya fungu. Kama huwezi kuibeba miezi hiyo miwili bila kukopa, msimu huu usiingie. Kukopa kwa riba ili ule mboga mbichi ni kumtoroka mlanguzi wa shambani na kumwangukia mlanguzi wa mjini.

TUTAZAME SHAMBA NA WATU WAKE

Halmashauri ilituma watu watatu kwenda kijijini. Walitazama maji yako wapi siku za kiangazi, mazao yamepandwa ya aina ngapi, na njia inapitika vipi wakati wa masika. Shamba la zao moja likipigwa na wadudu, kikapu chote kimekwisha. Lenye mihogo, viazi, maharage na mboga hubakiza kitu.

Kisha wakauliza swali ambalo chama cha wafanyakazi hakiwezi kuliacha: vibarua wanaopalilia wanalipwa kiasi gani, na siku gani? Waligundua kwamba katika hesabu ya kwanza ujira wa vibarua haukuandikwa kabisa. Wakulima walisema watalipwa "kitakachobaki." Tuliwaambia kwamba sisi tunaodai mshahara wetu kiwandani hatutakula jasho la mwenzetu ambalo halijalipwa. Ujira ukaandikwa, na bei ya fungu ikapanda. Wanachama wengine hawakupendezwa, lakini bei hiyo ndiyo ya kweli.

MAPATANO YAANDIKWE

Karatasi yetu ina mambo haya: bei ya fungu na siku za kulipa, kwa awamu tatu baada ya mshahara, mazao yatakayopandwa, siku na mahali pa kuchukua kikapu, mavuno yakipungua yatagawanywaje, na kwamba mweka hazina wa tawi na wa wakulima wataonyesha daftari kila mwezi. Tuliongeza jambo moja muhimu: mwanachama akipunguzwa kazini katikati ya msimu, anaweza kumwachia mwenzake fungu na kurudishiwa naye fedha ya wiki zilizobaki.

Baada ya hayo, wanachama wengine walijiandikisha, wengine waliungana wawili wawili, na wengine walisema msimu huu hapana. Hao wa mwisho hatukuwacheka. Mtu aliyepiga hesabu akakataa amesoma somo hili sawasawa na yule aliyekubali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Nyumba yako hutumia fedha kiasi gani kwa wiki kununua mboga, maharage na viazi? Leteni madaftari.
2. Mvua ikikosekana na vikapu vikapungua nusu, familia yako itaishi vipi?
3. Je, ni haki mkulima abebe hasara yote peke yake? Kwa nini?
4. Nani atakagua kwamba vibarua wa shamba wamelipwa?

Katibu wa tawi aandike majibu, na yasomwe tena kabla fedha yoyote haijatolewa.